Neno Nililomtafsiria Mama

Tabora, Jumatano, 1975. Mvua tangu adhuhuri, nguo hazijakauka, na mimi sina raha.

Sijawahi kumwambia mtu: nataka mtoto aliye tumboni mwa mama aje kama Saidi.

Saidi, mdogo wangu, alizaliwa na macho yaliyoinuka pembeni, ulimi mzito na moyo mbovu. Treni ikipiga honi alisimama wima, akapiga saluti, akasema "Tuya!" Kwake yeye treni zote zilikwenda Tura, kwa bibi. Homa ya kifua ilimchukua mwaka juzi. Watu walisema amepumzika.

Mimi sijapumzika.

Leo sikwenda shule, nilimsindikiza mama kliniki. Daktari ni mgeni, Kiswahili chake kinaishia kwenye "pole" na "vuta pumzi", kwa hiyo mkalimani nikawa mimi, ambaye nikiitwa darasani kusoma Kiingereza kwa sauti najificha nyuma ya kitabu.

Mama akasema, "Mwulize, huyu naye atakuwa kama Saidi?"

Daktari alijibu taratibu. Kwa umri wa mama inawezekana, ila hapa hawana njia ya kujua. Kwao mjamzito huchomwa sindano ya tumbo, wakavuta kidogo yale maji yanayomzunguka mtoto, wakaenda kuzitazama kromosomu zake. Mtoto kama Saidi ana moja ya ziada. Ikionekana, wengine huamua kuitoa mimba.

Kile kipimo alikiita "test", neno ambalo shuleni kwetu lina maana moja tu, ya maswali na maksi. Nikalitoa hivyo hivyo.

"Anasema hapa hawawezi kujua, mama. Kwao kuna mtihani."

Uso wa mama ukabadilika.

"Mtihani? Mwambie Saidi hakuwa mtihani. Alipozaliwa walinijia na neno hilo hilo, eti Mungu amekupa mtihani, mama Zuhura, vumilia. Nivumilie nini? Alikuwa mwanangu. Mwambie!"

Daktari akanitazama, anasubiri. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba mama anashukuru.

Loh.

Wakati wa kurudi mvua ilituzidi, tukajibanza kwenye baraza la duka la Mhindi pale Cheyo. Mama akakamua ncha ya kanga yake.

"Huo mtihani wao, mtu akifeli inakuwaje?"

"Sijui, mama."

"Si wewe ndiye msomi wetu?" Akacheka kidogo, kisha kicheko kikakatika. "Na anayefeli ni nani? Mama au mtoto?"

La kwanza nililijua, nikalificha. La pili sidhani kama hata daktari analijua.

Nilipaswa kusema kipimo. Kipimo, kama cha damu, kama cha mkojo. Neno jepesi kabisa, na halikunijia! Lakini hata ningelisema, lile la mwisho la daktari, la kuitoa mimba, lingebaki halijasemwa, na aliyeuliza ni mama, si mimi. Ana haki ya kulisikia lote.

Tena sijui aliuliza kwa hofu au kwa hamu. Kama ni hofu, mimi ni mtoto wa namna gani, namwombea mama yangu moyo mbovu mwingine wa kuuguza? Na kama ni hamu, basi tunamtamani Saidi wawili ndani ya nyumba moja, kila mtu na chumba chake, na hatuambiani.

Natamani tu kumsikia mtu akiita treni vibaya.

Mama anakuja. Nasikia kandambili zake ukumbini, anaziburuza siku hizi. Tangu aanze kisomo cha watu wazima anasoma kila anachokiona, hata maandishi ya gunia, kwa kidole na kwa sauti. Mkono wangu umekwenda kuufunika ukurasa huu ninaouandika.

Nimeurudisha mkono, ukurasa uko wazi.

Mlango unasukumwa. Nasogea pembeni ya kitanda, apate pa kukaa.