Kuchanika na Kuoza

Mpendwa Baba Zaituni,

Nakusalimia kwa jina la Mwenyezi Mungu, ambaye uko kwake na mimi bado niko kwa watu.

Nakuandikia nikiwa ndani ya eda. Mjane hatoki ila kwa dharura, kwa hiyo nakaa hapa Arua, sebuleni, kwenye kiti chako, maana ndicho kilicho karibu na tangi la samaki wako. Tunaangaliana naye mchana kutwa. Watu wakija wananitazama machoni kuona kama nimelia. Sijalia, Baba Zaituni. Nakula kwa sababu sahani imeletwa. Chai ni maji ya moto tu. Dada zako wanalia mbele yangu na mimi nawapa kitambaa, kama mtu anayepokea wageni wa jirani. Wanasema nina imani yenye nguvu. Sijui kama ni imani. Mtu akikalia mguu wake vibaya unakufa ganzi. Mimi nimekufa ganzi mzima.

Unakumbuka siku ulipomleta Afande? Ulishuka kwenye basi la Kampala umeshika chupa ya plastiki kifuani kwa mikono miwili. Nilidhani ni dawa. Kumbe ndani mlikuwa na samaki mdogo kama kidole changu, mwekundu anayeishia kwenye buluu, mapezi yake marefu yanaburuta nyuma kama joho la bwana harusi. Beta, ulisema, ndilo jina la aina yake. Dada yako mkubwa akainama akaangalia.

"Hii ni ya kula au ya kuangalia?"

"Ya kuangalia, dada."

"Wee! Mwanaume anatoka Kampala na samaki hata supu haitoshi! Angara mmoja wa mtoni anamshinda huyu na ukoo wake wote."

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Ukamwita Afande, kwa sababu ukimwonyesha kile kioo chako cha kunyolea alikuwa anatanua mapezi na mashavu kama ofisa anayekagua gwaride. Na sisi maofisa tunawajua, babu zetu walifika nchi hii na jeshi.

Wiki nzima ulikuwa Oraba, mpakani, kwenye karatasi za forodha za malori ya watu. Ijumaa ukirudi, ulivua viatu mlangoni, ukasalimia, kisha ukaenda kwa Afande kabla hata ya kunywa maji. Niliona wivu kidogo, nakiri. Ndiyo maana nikataka na mimi nimfanyie kitu. Nikampambia nyumba yake jinsi ninavyojua kupamba nyumba. Nilichukua maua ya plastiki kutoka juu ya kabati, yale ya zambarau, nikayasimamisha ndani ya tangi. Nikafunika juu kwa kitambaa nilichofuma mwenyewe. Nikasimama nikaona imependeza.

Ijumaa hiyo mkia wa Afande ulikuwa umepasuka vipande viwili. Nikakuambia, "Baba Zaituni, samaki yako iko mgonjwa, anaoza."

Hukunigombeza. Uliosha mikono, ukaingiza kidole, ukapitisha kwenye jani moja la ua la plastiki. "Hii iko na meno," ulisema. Ukaniita nikae karibu, ukanieleza kwa kazi yangu mimi, kazi ya kitambaa. Nasikia sauti yako hadi sasa.

"Mama Zaituni, usiangalie tundu. Angalia ukingo. Kitambaa ikishikwa na msumari, si inachanika na rangi yake inabaki mpaka mwisho? Angalia hapa. Buluu mpaka mwisho. Na yeye anakula, anazunguka, anatafuta vita. Hii imechanika tu."

"Na ikiwa ugonjwa?"

"Ukingo inabadilika. Inakuwa nyeusi, ama nyeupe kama imemwagikiwa maziwa, ama na damu kidogo. Kesho imekula mbele, kesho kutwa imekula tena, inaelekea kwa mwili. Na samaki anakaa chini, mapezi amekunja, hataki chakula. Hapo ndio usingoje."

Ukatoa maua. Ukaniambia dawa ya kilichochanika ni maji safi tu na kuachwa. Maji ya bomba yalale kwanza kwenye dumu siku nzima, tubadilishe kidogo kidogo, na akihamishwa achotwe pamoja na maji yake kwa kikombe, asishikwe na kitu. Baada ya siku kadhaa ukanionyesha mahali pale palipopasuka: pameota ngozi nyembamba, haina rangi, inapitisha mwanga kama nailoni mpya. "Hiyo ndiyo kupona," ulisema. "Rangi itakuja nyuma."

Nilijifunza vizuri. Hilo ndilo linalonifanya niandike barua hii na kuiacha wazi, mtu yeyote aisome.

Maana ile Jumamosi nilikuletea beseni la maji ya uvuguvugu nikuoshe miguu. Wewe ulikuwa na sukari miaka mingi na mimi nilikuwa na mazoea ya kukuosha. Kwenye kidole kikubwa cha kulia palikuwa na kidonda.

"Kiatu ilinibana," ulisema. "Imechubuka tu."

"Inauma?"

"Hata kidogo."

Nikaangalia ukingo, Baba Zaituni. Sikuangalia tundu, niliangalia ukingo kama ulivyonifundisha. Ulikuwa mweusi. Ngozi ilikuwa imerudi nyuma, inaelekea mguuni. Nikashika kidole chako nikakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, mara moja, mara mbili, na wewe ukaanza kucheka.

"Ah, Mama Zaituni! Sasa mimi ndio Afande? Unanisoma pezi?"

Na mimi nikacheka. Hicho ndicho nilichofanya. Nilicheka, nikakausha mguu, nikamwaga maji chini ya mgomba. Jumapili ukavaa kiatu kilekile ukaenda Oraba. Jumatano wenzako wakakuleta umeshikwa huku na huku, una homa, unaniita kwa jina la marehemu mama yako. Hospitali walisema mguu, kisha wakasema damu, kisha hawakusema tena.

Siku ya tatu ya msiba Zaituni alikaa hapa kwenye mkeka. Amefanana na wewe akikasirika, pua inapanuka. Akasema, "Baba alituficha. Mtu mzima, anajua ana sukari, anaficha kidole! Hata wewe hakukuonyesha, si ndio, Mama?"

Nikasema, "Hakunionyesha."

Nikiwa kwenye eda, na tasbihi mkononi.

Tangu hapo kila Ijumaa alipotoka kwake Koboko kuja kuniona alikuwa analeta hasira yake pamoja na mboga. Hakutaka hata kukuombea dua mbele yangu. "Aliyejificha mwenyewe nimwombee nini?" alisema. Nami nilichambua mboga. Sikusikia aibu. Sikusikia chochote. Niliona tu majani yanaingia kwenye sufuria.

Halafu Afande akachanika tena.

Niliona asubuhi, mkia una mpasuko. Na safari hii sikungoja, wallahi sikungoja hata dakika. Nilisema huu ni ugonjwa. Nilitia chumvi. Nikaamua kumbadilishia maji kila nikitawadha, maana hiyo ndiyo saa ninayoijua mimi: Alfajiri, Adhuhuri, Alasiri, Magharibi, Isha. Mara tano kwa siku nilimkamata kwa chujio la chai, nikamweka kwenye bakuli, nikamwaga maji, nikatia mengine, nikamrudisha. Kesho yake mipasuko ilikuwa mitatu. Nikazidisha chumvi. Siku ya nne mkia ulikuwa kama ncha ya leso iliyotolewa nyuzi, na mimi nikajiambia, unaona, unakula kuelekea mwilini, na bado mwanamke wewe umechelewa.

Ijumaa Zaituni akaingia akanikuta na chujio mkononi, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko, Afande anarukaruka ndani yake.

"Mama! Unamtawadhisha samaki?"

"Anaumwa."

"Mrudishe. Mrudishe ndani kwanza."

Nikamrudisha. Akavua viatu, akapiga magoti mbele ya tangi, akatulia. Kisha akasema polepole, "Mama, hii si ugonjwa. Angalia pembeni, rangi iko mpaka mwisho. Na amekuja kwa kidole changu, anataka kula. Ni hii chujio. Iko na waya imetoka, unaiona? Wewe ndio unamchana." Akageuka. "Baba alinifundisha kuangalia. Wewe hakukufundisha?"

Ningeweza kusema hapana. Neno lilikuwa tayari mdomoni, jepesi, kama lile la kwanza.

"Alinifundisha," nikasema. "Najua kuangalia. Hata kidole chake nilikiangalia. Jumamosi ile, hapa, kwenye beseni. Alinionyesha, Zaituni. Hakunificha."

Alibaki amepiga magoti.

"Ilikuwa nyeusi?"

"Ilikuwa nyeusi."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nilicheka."

Alisimama, akafuta magoti yake ingawa sakafu ilikuwa safi. Alichukua chujio, akalipinda kwa mikono miwili mpaka likakunjika, akaliweka juu ya meza. Hakunywa chai. Nilisikia bodaboda inawaka nje, kisha barabara ikawa kimya. Nikangoja nilie. Halikuja chozi hata moja.

Ijumaa iliyofuata hakuja. Na nyingine hakuja. Afande nilimwacha kama ulivyosema, maji kidogo yaliyolala, chumvi hapana. Anakula. Mimi pia nakula.

Jana baada ya Alasiri alipiga simu. Hakusalimia.

"Mama, nimemwombea Baba leo. Nimekaa nimemsomea dua mpaka mwisho."

"Alhamdulillahi."

"Sina hasira na yeye tena. Iko na wewe. Sijui itaisha lini."

Nikamwambia, "Ni sawa, mwanangu. Ilete hapa. Mimi bado naweza kujibu, yeye hawezi."

Nyuma yake nilisikia watoto wake wanagombana. Kisha akasema Ijumaa atakuja, na nisimpikie kitu.

Basi, mume wangu, nakuomba radhi kwa uongo niliokubebesha siku zote hizi, ukiwa huna mdomo wa kujitetea. Kwa ile Jumamosi namwomba Mungu, maana wewe najua ungeniambia niache, ungefanya mzaha. Pumzika sasa. Mtoto wetu hadai tena kitu kwako. Akija nitafungua mlango mwenyewe, nikae, aniambie yote.

Mkeo,
Mama Zaituni