Ramani ya Ng'ombe Aliyoiacha Chacha

Jumatatu, 3 Machi
Dukani Tarime tangu saa mbili. Simu tatu za wateja, zote vioo vimepasuka. Kisha kompyuta ya Chacha, kama kila siku tangu tumzike. Vifaa vya shingoni vya kufuatilia ng'ombe alibuni yeye. Mimi fundi wake nilichomelea waya. Nywila aliijua peke yake, na bila hiyo, ramani ya kuwaonyesha haifunguki. Nimejaribu tena. Imegoma.

Jumanne, 4 Machi
Imefunguka. Imefunguka kweli. Nywila ni jina la ng'ombe wa kwanza tuliyemfunga kifaa. Ramani ikajaa nukta: Susuni, Kewanja, hadi Serengeti. Nimecheka peke yangu kama chizi. Chacha, ulikuwa na akili wewe.

Jumatano, 5 Machi
Asubuhi mzee Marwa wa Susuni kapiga simu. Ng'ombe sita hawapo zizini. Nikafungua ramani: nukta zao zinatembea kuelekea Sirari, mpakani. Nikawapigia sungusungu, nikawaelekeza bonde kwa bonde. Saa saba mchana wakawakuta kichakani, wote sita. Wezi wamekimbia. Nikampigia mzee. Mzee alilia kwenye simu. "Chacha hajafa," alisema.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekuta faili nyingine. Nukta zake si za ng'ombe. Ni zetu. Programu ya taarifa za ng'ombe aliyotuwekea kwenye simu, mimi, mkewe na wenye ng'ombe wote, ilikuwa inatufuata na sisi. Miaka miwili. Jina langu lipo: Rhobi. Safari zangu zote za Nyangoto kwa mama zipo. Nina hasira. Nilimheshimu kuliko kaka zangu.

Nikaenda kwa mjane wake, Mama Ghati. Alinisikiliza huku akipepeta ulezi.

"Futa, usimwambie mtu. Tumebaki na jina lake tu."

Nikaaga, nikaondoka.

Jumapili, 9 Machi
Nimewaita wenye ng'ombe baada ya ibada, uwanja wa shule, Susuni. Nimesema yote. Kelele. Mmoja alitaka kuvunja kifaa palepale. Mwingine akauliza kama mke wake ameshaiona hiyo ramani. Watu wakacheka, nami nikapumua. Mzee Marwa akasimama.

"Ametukosea. Na ng'ombe wangu wako nyumbani. Binti, za watu futa. Za ng'ombe acha."

Wakakubali. Tumechagua watu watatu wa kuijua nywila mpya. Nimerudi Tarime kwa pikipiki nikiimba njia nzima. Sasa ramani ni yetu.

Jumatatu, 10 Machi
Mvua. Mama Ghati amekuja dukani. Nikamwamkia, akaitikia kwa kichwa tu. Alitaka kuziona nukta zake kabla sijafuta. Nikamwonyesha. Nyumbani, sokoni, kanisani, nyumbani. Aliangalia muda mrefu.

"Angeniuliza tu," alisema. "Ningemwambia."

Akaomba afute mwenyewe. Nikamwonyesha pa kubonyeza.