Funda la Kwanza la Baba

Jumapili, 9 Juni 2024

Na lile neno la ulevi nililosahau kumwambia Metui jana ni "tilalila"! Limenijia kanisani, katikati ya matoleo, nikacheka peke yangu. Metui akanigusa kwa kiwiko. Mume wangu! Wiki tatu sasa, na bado nikiandika neno hilo nahisi joto masikioni.

Tuliporudi nikamalizia orodha. Bwii, chakari, njwii, tungi, kapiga vyombo, kakata maji. Anasema kwao Endulen mtu akilewa kalewa tu. Nimeyajulia wapi yote haya? Getini kwetu Oldeani! Majirani walikuwa wanatuletea habari kabla Baba hajafika. "Brigita, baba yako yuko bwii" — basi anaimba, tutacheza naye. "Chakari" — Mama, Mungu amrehemu, anaficha sufuria. "Njwii" — tunahamia kwa jirani. Nilisimulia huku nacheka. Yeye hakucheka. Alinishika mkono mpaka chai ikapoa.

Lakini hayo ni ya zamani! Baba hajagusa pombe tangu Februari. Alinipeleka altareni kanyooka kama mshumaa.

Jumanne, 11 Juni

Baba mdogo Bartolomeo kapiga simu. Mkwe hajapeleka debe la pombe ya asali! Katika ukoo wetu baba wa binti hunywa funda la kwanza, la pili anawapulizia maharusi kifuani. Ndipo wengine wanakunywa. Nikamkumbusha kwamba Baba kaacha. Akasema funda moja halijawahi kumlewesha mtu.

Na mimi nataka baraka zote, za kanisa na za nyumbani! Nimeagiza debe. Funda moja tu. Namwamini Baba.

Jumamosi, 15 Juni

Tumerudi kutoka Oldeani, vumbi mpaka kwenye nyusi.

Wazee sita kwenye mabenchi. Metui na shuka lake jipya, kabeba debe begani kama kabeba mto — jamani, huyu mwanaume! Kaliweka miguuni kwa Baba, kainamisha kichwa. Baba mdogo akachota, akampa Baba kibuyu.

Akakishika mbali na mdomo, kikainama. Pombe ikamwagikia viatu vyake vya harusi.

Mzee Wilibrodi akapaza sauti: "Patrisi, tunakutaka tungi leo! Wewe ukiwa mkavu baraka zinashika kweli?" Wakacheka. Mwingine: "Mpeni, awe bwii, atuimbie!" Maneno yangu yale yale. Nilikuwa nayaona matamu.

Baba akarudisha kibuyu. "Wanangu, nisameheni. Leo siwezi." Akaenda kwa ng'ombe wake.

Hakuna aliyeonja, maana nani atamtangulia? Na debe halitoki pale wala halimwagwi mpaka maharusi wabarikiwe. Limebaki jikoni kwa Baba. Limejaa.

Ni mimi niliyelipeleka. Mimi!

Njiani Metui akasema taratibu kwamba kwao wazee hubariki hata kwa maziwa. Kwa nini sikuolewa na mtu huyu mapema?

Jumapili, 16 Juni

Dada Marsela, anayekaa na Baba, kasema debe liko vile vile, kaweka jiwe juu ya kifuniko. Baba kahamishia kitanda chake stoo ya kahawa, mbali na jiko. Mnaona? Baba yangu huyo! Atashinda.

Jumanne, 18 Juni

Metui yuko kreta na wageni wake, watalii anaowaongoza, anawarudisha tarehe ishirini na saba. Kaniachia ua kwenye kikombe.

Marsela kasema Mzee Wilibrodi kapita mara mbili "kusalimia". Nikampigia Baba mwenyewe. Nikatega sikio nione ni neno gani leo. Sikupata hata moja. Sauti nzito tu, kama ya mtu aliyebeba mzigo.

"Hilo debe, mwanangu, nilifanyeje?"

"Usilifungue, Baba! Tunakuja sisi. Metui ataleta maziwa ya kwao, utatupulizia hayo. Halafu debe tunalimwaga wote, Baba mdogo akiwa anatazama."

Ng'ombe akalia upande wake.

"Mmesema lini?"

"Metui akishusha wageni tu, mwisho wa mwezi."

"Mwezi umebakiza siku ngapi?"

Nikatazama kalenda ukutani. Kumi na mbili.

"Chache, Baba," nikasema. "Chache sana. Tunakuja kabla haujaisha."