Nafasi Iliyo Wazi Kwenye Duara

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumamosi, jioni.

Mpendwa mwanangu Kengele,

Kosa la wengi ni kudhani kwamba chama chetu cha wasichana kinashikiliwa kutoka juu, mkoani. Nitalirudia hilo, maana ndilo lililonikalisha mezani. Kwanza, hujambo? Kifua kimepona? Baridi ya huko umeizoea, au bado unavaa soksi juu ya soksi? Sisi wazima. Baba yako goti linamsumbua, ila mdomo hauna ugonjwa.

Sasa nivumilie, unajua napenda kueleza. Wasichana hukaa katika vikundi vidogo, na kila kikundi hujichagulia kiongozi. Vikundi hivyo pamoja huunda tawi, nalo lina mlezi wake. Matawi jirani huunganishwa na mratibu wa wilaya, yule mfamasia wetu, na waratibu hukutana kwa kamishna wa mkoa, nesi mstaafu. Wote wanajitolea, hata nauli hawapewi. Mkoa hufundisha walezi na kuazima mahema. Kumweka mlezi hauwezi. Mlezi huwekwa ndani ya duara la kufunga mkutano, pale anayeondoka anapovua skafu yake na kumfunga anayeingia. Akiwa mbali, huituma.

Wewe, mlezi wetu, uliitwa kazini ghafla, ukaondoka na skafu shingoni. Hakuna aliyekulaumu.

Tangu hapo nawafungulia tu, kama mwalimu mwenye ufunguo, ule ukumbi wa shule wenye viti vilivyopangwa hadi dirishani. Wakimaliza hushikana mikono, na kila mmoja kwa zamu husema, "Nipo." Mahali pako wamepaacha wazi. Nilidhani ni heshima. Kisha nikaona wasichana wawili wa pembeni hawateremshi mikono. Imekaa hewani, vidole vimekunjwa kama vimeshika kitu. Zamu ikifika hapo, Kidoti, yule mdogo kuliko wote, hunyamaza kidogo ndipo aitike. Nilimuuliza anasubiri nini.

"Namsubiri amalize kusema, Bibi," akanijibu, akaendelea kufunga kamba za viatu.

Jumamosi iliyopita nilimwomba fundi cherehani, ambaye yuko tayari kuwa mlezi, asimame pale. Unamjua, ndiye aliyemfukuza mwizi kwa mkasi. Alisimama akitabasamu, kisha tabasamu likaisha. Akarudi nyuma taratibu, kama mtu aliyekalia kiti cha mwenzake.

"Mwalimu, hapa pana mtu," akaninong'oneza.

Wasichana hawakushangaa. Mmoja alimwelekeza kwa upole kwamba upande wa mlangoni kuna nafasi.

Ningesema ni utoto. Lakini uliniambia kwenye simu kwamba kila Jumamosi alasiri unaivaa skafu hiyo ukikumbuka nyumbani, unasinzia popote ulipo, na ukiamka viganja vina jasho, kama vilivyoshikwa na watoto. Nilikucheka, nikasema ni uchovu. Sicheki tena.

Mratibu ametuambia kwa huruma kwamba shule zikifungwa bila mlezi, tawi litavunjwa na wasichana watagawiwa matawi ya ng'ambo ya barabara kuu. Mama yake Kidoti hatamruhusu kuivuka, na si yeye peke yake. Nilimsihi kamishna atuwekee fundi hivyo hivyo. Akanijibu kile kile nilichokueleza: nafasi haijaachwa. Wasichana wanataka tawi lao. Nami nakutaka wewe, mwanangu, uwe mahali pamoja.

Baba yako anakusalimu. Fundi naye, anasema sketi uliyompa aipunguze bado inakungoja, na huenda sasa ikahitaji kuongezwa. Kidoti hakutuma salamu. Anasema mmeonana leo.

Mungu akulinde ukiwa macho, na akupe usingizi ulio wako peke yako.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
Shangazi

Leo hii vua skafu, ikunje, uipeleke posta.