Sufuria Ndogo Niliyoikataa

Mama, uliyenizalia mume,

Barua hii nitaisoma kanisani Jumapili, baada ya matangazo, mbele ya watu wale wale waliokuacha ukae peke yako kwenye benchi. Mchungaji amenipa dakika kumi. Najua ungesema, "Mama Neema, acha, bantu batacheka." Wacheke. Ni mimi niliyekuharibia jina, na sina mtu wa kumtuma akalisafishe.

Nakumbuka siku ulipofika kambi hii ya wakimbizi ya Dzaleka kutoka Fizi. Ulikuwa na kifurushi kimoja cha nguo, na vipande vya mti wa muhogo ulivyovifunga kwa kitenge kilicholowa, eti Wamalawi hawajui kupika sombe, majani yetu ya muhogo. Tulikupa nsima, ugali wa huku, ukaibonyeza kwa vidole ukacheka. "Hii bukari yabo inakimbia mu mukono." Baba Neema alicheka mpaka akapaliwa. Mimi nilitabasamu tu. Nilikuwa mtoto wa Bukavu mjini, nimesoma, nina cherehani yangu, na moyoni nilijiuliza nitakaaje na mama wa shamba asiyejua kuketi bila kazi. Hata wiki haikuisha, jiko likawa lako. Nilishukuru, maana nilipata muda wa kushona.

Ulipika kama unayelisha kijiji. Maharage, sombe, kabichi, nsima ya mgaiwa, ule unga usioondolewa pumba. Wote walinawiri, isipokuwa mimi. Nikimaliza kula tumbo linajaa upepo, linakaza, linanikata chini ya kitovu. Siku tatu sipati choo, siku ya nne nashinda nikikimbilia chooni. Nilijifungia chumbani na kanga ya moto tumboni, na sikukuambia neno. Lakini wewe ulikuwa na macho.

Siku moja ukaniwekea sufuria ndogo pembeni. Ndani mlikuwa na wali uliolainika, karoti na boga vilivyomenywa vizuri, na kipande cha samaki wa kuchemsha. Ukasema, "Hii njo ya kwako. Ile ya bote uiache. Tumbo yako haipendi maganda, mi naangaliaka."

Nilikula mara mbili, Mama, na siku zile mbili nilipata nafuu. Naliandika hili kwa sababu nililisahau kwa makusudi.

Siku ya tatu nilimsimulia mshonaji mwenzangu, yule tunayekaa naye kibaraza kimoja. Akaacha kukanyaga cherehani. "Weye! Banakupikia pembeni na unakula? We ni mutu wa Bukavu kweli? Kikulacho kiko mu nguo yako." Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Kule kwetu Kivu mtoto anakua akijua: kinywaji kinafunguliwa mbele yako, mwenye nyumba anaonja kwanza, na chakula cha pembeni, cha mtu mmoja, hakiliwi. Sumu ya kwetu haiui siku ile ile. Inakumaliza polepole, tumbo likianza. Na langu lilikuwa limeanza.

Kuanzia hapo sufuria yako nilimpa kuku wa jirani. Nikarudi kwenye chungu cha wote, maharage na maganda yake, na maumivu yakazidi. Yalivyozidi ndivyo nilivyozidi kukushuku. Ulipogundua, hukugomba. Ulichukua kijiko, ukaonja mbele yangu, ukameza, ukanifungulia mdomo nione kama mtoto anayethibitisha kwamba amemeza dawa. "Angalia, mi naonja." Ulifanya hivyo kila siku kwa wiki nzima. Mtu mzima, mama wa watoto saba! Nami nilikutazama ukionja, kisha nikasema nimeshiba.

Sasa wanisikie akina mama wa kikundi cha maombi. Sikuwahi kusema kwamba Mama ananipa sumu. Nilikuwa mjanja kuliko hapo. Nilisema tuombee tumbo langu, linaniua. Mmoja akauliza, "Nani anapikaka kwako?" Nikajibu, "Mama mkwe." Kisha nikaongeza, "Na mimi ananipikia pembeni." Basi. Yaliyobaki waliyamaliza wenyewe njiani wakirudi makwao.

Baada ya hapo watoto wa jirani walikatazwa kula mandazi uliyokuwa ukiwagawia. Na ile sikukuu ya mavuno, kila mama alipoleta bakuli lake, ulileta beseni la sombe uliyoitwanga tangu asubuhi, ya mihogo uliyoipanda kwa vile vipande vya Fizi. Mabakuli yote yaliisha. Beseni lako lilirudi limejaa, umelibeba kichwani, na mimi natembea nyuma yako. Ulifika nyumbani ukalitua ukasema, "Leo bantu balikuwa bameshiba." Hukunitazama. Mwezi haukupita ukafunga kifurushi, ukasema unakwenda Chinsapo, kule Lilongwe, kumsalimia binti yako aliyeolewa na Mmalawi. Ulisema utakaa siku chache. Sote tulijua hurudi.

Ulipoondoka, jiko likawa langu, na tumbo likaendelea kuuma. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nilisema sumu bado imo mwilini. Mshonaji mwenzangu akanishauri nile pumba kwa wingi, zinafagia tumbo. Nikala mgaiwa asubuhi na jioni, nikaongeza kabichi mbichi. Nilifagiwa kweli! Nilikonda mpaka gauni langu nikalipunguza mara mbili.

Kisha ikaja ile siku niliyopeleka nguo za mteja Area 47, mjini Lilongwe. Nilikunjika mlangoni kwake nikashindwa kusimama. Mteja huyo akanipeleka zahanati moja Area 18. Walipima damu, wakapima choo, wakanipiga picha ya tumbo. Vyote visafi. Daktari, kijana mpole, alizungumza Kichewa taratibu ili nielewe. Akasema utumbo wangu hauna kidonda wala mdudu, ila ni mwepesi wa kushtuka. Ni ugonjwa unaojulikana, hauui, hauna dawa ya kuumaliza, lakini chakula kinautuliza. Akauliza ulianza lini. Nikajibu bila kufikiri, "Shuleni, siku za mitihani, Bukavu." Nikajisikia nikisema hivyo. Bukavu, Mama. Miaka kabla sijakufahamu.

Akanieleza habari ya nyuzinyuzi zilizo ndani ya vyakula. Ziko ngumu, za pumba, maganda na majani magumu, ambazo kwa tumbo kama langu ni kama kukwangua kidonda. Na ziko laini, zinazolowana na kulainisha choo, kama za karoti, boga, uji wa shayiri. Mtu haachi nyuzinyuzi zote, maana choo kitafunga. Anazipima, anazipandisha polepole, na anakunywa maji. "Pang'ono pang'ono, amayi," aliniambia, akionyesha kwa vidole kitu kidogo sana. Akaniuliza pia kama nina jambo linalonisumbua moyoni, kwa sababu utumbo unasikia na wasiwasi. Nikasema hapana.

Halafu akaniandikia pa kuanzia. Wali mlaini. Karoti iliyomenywa. Boga. Samaki wa kuchemsha. Nilisoma karatasi ile nikaona mwandiko wa daktari, lakini mpishi nilimjua. Wewe hukusoma hata darasa la pili, na uliyaona yote kwa kunitazama nikila.

Leo nina daftari. Naandika nilichokula na tumbo lilivyojibu. Maharage naloweka usiku kucha, namwaga maji yake, nakula vijiko viwili tu. Sombe naionja. Kabichi nimeiaga. Kuna siku linakaza hata nikifuata yote, hasa siku Neema anapouliza habari zako. Lakini nimenenepa kidogo, nashona, nalala. Kila mlo naupika kama ulivyoupika wewe, nakula peke yangu nikiwa na aibu. Nakukosa sana. Sikudhani nitawahi kuandika hivyo.

Ulifariki Chinsapo, presha. Tulikuzika huko huko Lilongwe. Nililia kaburini mpaka wakanishika mikono, na akina mama wa kambini wakasema, tazama mkamwana mwema, amemsamehe. Amemsamehe! Nikaacha waseme.

Basi leo nasema kwa sauti, kila mmoja asikie. Mama huyu hakunipa sumu. Alinipa chakula cha kuniponya, mimi nikamlipa kwa kumtenga. Aliyekataa sombe yake siku ile alidanganywa nami. Aliyemkataza mtoto wake alidanganywa nami. Anayetaka kuchukia ana mtu wa kumchukia, nimesimama hapa.

Limebaki moja, na hili hata mwanao halijui. Baba Neema ameketi mstari wa pili, anaamini nilikwenda zahanati baada ya mazishi. Ndivyo nilivyomwambia. Si kweli. Nilikwenda wiki sita kabla. Siku ile nilitoka Area 18 na karatasi ya daktari mkononi, nikafika kituoni, na minibasi ya Chinsapo ilikuwa imesimama pale, kondakta anaita. Nilisimama nikaitazama. Niliona aibu. Nikajiambia nipone kwanza, nije nimenenepa, nije na zawadi, wiki ijayo. Nikapanda gari la kurudi kambini. Wiki ijayo ikawa ile nyingine, kisha nyingine, mpaka simu ya binti yako ikalia.

Hakuna aliyenizuia, Mama. Safari ya kuja kwako haikuwa hata saa nzima, ilikuwa mchana, na wewe ulikuwa hai.

Lala salama.

Mkamwana wako,
Mama Neema