Vifurushi Vilivyokwenda Upande Usio Wake

Mtaa wa Kumi na Moja,
Milwaukee, Wisconsin.
Jumamosi, 9 Aprili 1932

Mpendwa mdogo wangu Leonhard,

Salamu nyingi kutoka kwetu. U hali gani, na kifua chako kinaendeleaje baada ya baridi yote hiyo ya New York? Mguu wa Rosalie umepona? Sisi tu wazima. Kaka Edmund anakula vizuri. Mimi sauti imenikauka kwa kubishana, lakini huo si ugonjwa, ni kazi.

Makala yako niliipata wiki mbili zilizopita, ikanitia hasira kamili. Unaandika kwamba sisi Wajamaa wa Milwaukee tumesahau mapinduzi, tumebaki kujisifia mitaro ya maji machafu. Ndiyo, tunajisifia. Mama yangu, shangazi yako, alikufa kwa homa ya matumbo kwa kunywa maji ya ziwa hilihili ambamo mji ulikuwa ukimwaga uchafu wake, enzi za wakubwa waliokula rushwa mchana kweupe. Mwaka 1910 tukawaondoa. Vyama vyao viwili vikaoana ili vitutoe, vikatutoa, tukarudi. Leo watoto wa hapa wanakunywa maji ya bomba bila kuchemsha, na uchafu unakaushwa, unatiwa magunia na kuuzwa kuwa mbolea. Matajiri huinunua kwa viwanja vyao vya gofu. Niambie ni nadharia gani yako iliyowahi kuwatembeza mabepari juu ya mavi ya wafanyakazi, tena kwa kulipia.

Sasa habari yenyewe. Jumanne tulikuwa na uchaguzi, na Edmund alikuwa akitetea kiti chake cha udiwani. Mpinzani wake, Bwana Thorndale, aliahidi kwamba akishinda atafunga bafu la umma la mtaa wetu, ati nyakati ni ngumu. Wewe una maji moto nyumbani. Hapa nyumba nyingi hazina bafu, na kila Ijumaa watu hupanga foleni na taulo mabegani. Nusu yao wamefukuzwa viwandani. Mtu asiye na kazi akitoka pale ameoga, amevaa shati safi, anatembea kifua mbele. Kiti kile kingekwenda, na bafu lingekwenda.

Unakumbuka desturi yetu. Jumapili ya mwisho kabla ya kura, alfajiri, kikosi cha vifurushi hupita kila mlango kuacha karatasi za chama, kila nyumba kwa lugha yake. Mimi ndiye niliyefunga vifurushi vya mtaa wetu: kamba ya kijani kwa Wajerumani wa upande wa mashariki wa barabara, nyekundu kwa Wapolandi wa upande wa magharibi. Nilifunga huku makala yako iko wazi mezani, nakujibu kwa sauti, aya moja baada ya nyingine. Nilipofika aya ya sita nilikuwa nimeshapishanisha kamba bila kujua.

Asubuhi saa tatu, Pankratz, Mjerumani muuza nyama, akanijia mlangoni na karatasi mkononi.

"Dada Walburga, hii nini? Mmenihamishia Warszawa bila kuniuliza?"

Nikaitazama: ilikuwa ya Kipolandi. Mtaa mzima ulikuwa umepewa lugha ya jirani, na hatukuwa na karatasi nyingine. Edmund aliposikia aliketi ngazini, akasema tu, "Haya, tumekwisha." Nilijua kwamba nimemwangusha kaka yangu kwa mkono wangu mwenyewe.

Lakini Pankratz ni mbishi. Hakukubali kutupa karatasi ambayo pengine imemsema vibaya. Akavuka barabara hadi kwa Mama Gapińska, mjane ambaye hawakuwa wamesalimiana naye miaka sita kwa ajili ya harufu ya pipa lake la kabichi chachu. Nikamfuata nikitegemea ugomvi.

"Nisomee hii," akasema.

"Soma mwenyewe, si una macho?"

"Ni lugha yenu."

"Na hii niliyotupiwa mimi ni yenu. Keti hapo. Si hicho, hicho ni kiti cha marehemu."

Akamsomea kwa Kiingereza chao kilichopinda, huku akiongeza ya kwake. "Hapa wameandika kwamba bafu likifungwa, wanaume wa upande wa mashariki watanuka kuliko sasa."

"Hawajaandika hivyo."

"Wewe umejua Kipolandi tangu lini?"

Kufika adhuhuri watu walikuwa wakivuka huku na huku, karatasi mkononi. Miaka yote karatasi zile hutumika kuwashia majiko. Safari hii zilisomwa mpaka jina la mpiga chapa. Ndipo nilipojua jambo ambalo sikulijua kwa miaka ishirini: kila upande ulikuwa ukiamini kwamba wale wa ng'ambo ya barabara tunawaahidi makubwa zaidi. Wakalinganisha mstari kwa mstari, wakakuta maneno ni yaleyale.

Edmund alishinda kwa tofauti ya kura sitini na tatu. Bafu limebaki, na jana foleni ilifika hadi kona ya duka la mikate.

Edmund alitaka tuseme ilikuwa mbinu. Nilikataa. Nimewatukana wanasiasa waongo tangu ujana wangu, siwezi kujiunga nao uzeeni. Alhamisi nilisimama mbele ya mkutano wa tawi nikakiri kosa, na ikapendekezwa nisifunge tena vifurushi maisha yangu yote. Pendekezo lilipita kwa kura thelathini na moja dhidi ya moja. Hiyo moja haikuwa yangu. Mimi niliinua mkono pamoja na wengi. Ilikuwa ya Mama Gapińska, mwanachama tangu Jumatano. Mdhamini wake ni Pankratz.

Msalimie sana Rosalie, shangazi Kunigunde na mapacha. Edmund anakusalimu. Nawatakieni afya, mkate wa kutosha, na jirani mzuri wa kugombana naye.

Dada yako akupendaye bila kukubaliana nawe,

Walburga Strehlow