Diregiteri na Mlango wa Chumbani

Jumatatu, 6 Oktoba

Busanza nzima hakuna mwenye bata bukini wenye adabu kama wangu. Nikisema kaa, dume anakaa. Nikisema nyamaza, ananyamaza.

Uongo. Asubuhi nimeinama kumwekea maji, kaning'ata tako. Naandika nimesimama.

Nimemwita Diregiteri kwa sababu anatembea kama yule diregiteri wa shule, mwalimu mkuu aliyenifukuza darasa la nne: kifua mbele, shingo juu, kichwani hamna kitu. Alianguliwa peke yake, mayai mengine yakaoza. Hadija, mke wangu, akamkuza kifuani, akamlisha kwa mkono. Kosa. Bata wa namna hiyo hajui kama ni bata. Sasa ni dume zima, mvua zimeanza, na anadhani Hadija ni mke wake. Tangu kiharusi kimlaze Hadija, Diregiteri analala mlangoni pa chumba. Majike wawili wako uani, hana habari nao.

Jumatano, 8 Oktoba

Mariamu, dada yake Hadija, alikuja kutoka Gitega, ng'ambo ya jiji. Diregiteri akamkimbiza mpaka barabarani. Kiatu kimoja kikabaki uani.

"Shemeji! Huyu bata au jini?"

Chumbani Hadija alicheka. Upande mmoja wa mdomo, lakini alicheka. Tangu augue hatoi sauti nyingine. Ndiyo maana nampa Diregiteri mahindi kila akimkimbiza Mariamu. Najua si malezi. Dume akilipwa mahindi kwa ubaya, ubaya unakuwa ndiyo kazi yake. Lakini kile kicheko. Ningempa gunia.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kamng'ata Claudine. Huyu ndiye mshauri wa afya wa mtaa wetu, anayekuja kumsafisha Hadija vidonda vya kulala. Damu mguuni. Hakupiga kelele. Hiyo ndiyo iliyoniumiza. Akafunga mkoba wake.

"Mzee, mimi sirudi. Ile bata yako iko na roho mbaya. Uifunge ama uikule."

Nilitaka kumtania. Nikaishia kumbebea mkoba mpaka barabarani.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimemsafisha Hadija mimi mwenyewe. Kidonda cha nyongani kimefunguka, kinanuka. Hadija anatazama ukuta. Nilimfungia Diregiteri jikoni, akapiga kelele mpaka Hadija akatoa machozi, jicho moja. Nikamfungulia. Mjinga mimi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Shule imefunguliwa. Mwanafunzi ni mimi au yeye, sijui.

Dume la bukini halipigwi. Ukimpiga anakuwekea kinyongo. Ukimkimbia, umempandisha cheo. Unamwendea taratibu, mikono umeitanua, unajifanya mkubwa. Akishusha shingo na kupuliza kama nyoka, unamkamata, unambana kwapani, unaikandamiza shingo polepole mpaka atulie. Halafu unatembea naye hivyo hivyo mbele ya majike, wamwone. Mahindi anapata akiwa kimya. Si vinginevyo.

Amenijaza alama mikono yote miwili. Jirani kaniuliza kama nimeoa mke wa pili.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nilikwenda kumwomba Claudine. Nikaomba kwa Kinyarwanda, nikaomba kwa Kiswahili, nikaongeza na Kifaransa changu kibovu mpaka akacheka. Akaja. Nilikaa kwenye kiti pale chumbani, Diregiteri kwapani, mkono shingoni mwake. Alitetemeka kama pikipiki. Hakung'ata.

Nilijiona mtu mkubwa. Claudine akamaliza, akanawa, akasema bila kunitazama kwamba kidonda kimekula mpaka mfupa. Hospitali, upesi.

Mariamu ameahidi gari Jumamosi. Mapema kuliko hapo halipatikani.

Jumamosi, 18 Oktoba

Gari limekuja kabla ya wakati. Mimi niko dukani, nanunua sabuni ya kwenda nayo hospitali. Mariamu akaingia peke yake.

Adabu nimemfundisha Diregiteri siku chache. Yale mengine nimemfundisha miezi.

Mariamu alikimbia. Akaanguka kizingitini, mkono ukavunjika kwenye kiwiko. Nilikuta dume yuko juu yake, anampiga kwa mbawa, dereva ameshika jiwe na anaogopa kulitupa.

Gari lililokuja kumchukua Hadija likamchukua Mariamu.

Chumbani Hadija alikuwa anacheka. Kwa mara ya kwanza sikutaka kukisikia kicheko kile.

Jumapili, 19 Oktoba

Homa. Hadija anachoma kama pasi. Nimepata gari jioni. Diregiteri alilifuata mpaka kwenye kona, shingo mbele, akirukaruka. Sikumrudisha.

Jumatano, 22 Oktoba

Hadija amefariki alfajiri. Tumemzika kabla ya alasiri.

Mariamu aliwaongoza wanawake waliomwosha, mkono mmoja ukiwa kwenye plasta. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Baada ya maziko akaja karibu.

"Shemeji, yule umchinje."

Wanaume wote walinitazama. Mmoja akasema kisu anacho, hata leo. Nikasema hapana. Aliyemfundisha hachinjwi, kwa nini achinjwe aliyefundishwa? Wakadhani natania, nilivyozoea. Hakuna aliyecheka.

Ijumaa, 31 Oktoba

Mvua kutwa. Jike mmoja anaatamia chini ya ngazi. Diregiteri hajaenda kumwona hata mara moja.

Nimerudi kutoka msikitini, kanzu imelowa. Yuko pale pale mlangoni, analinda chumba kitupu. Kula anakula kidogo. Tangu tuzike nalala kwenye kochi kwa sababu yake, na mgongo umekwisha. Leo hakupuliza. Alinitazama kwa jicho moja, akarudisha shingo mgongoni.

Nimekutetea mbele ya watu wote, Diregiteri. Sidai kikubwa. Sogea kidogo tu, nipite nikalale.